Aggy, sauti iliyoisalimia Dodoma kila asubuhi

Akili yangu inakataa kabisa. Jumatano tumecheka kwenye simu, Ijumaa presha imempanda, Jumamosi naambiwa Aggy hayupo. Hayupo ameenda wapi jamani?

Wengi wenu hamumjui kwa sura. Agnes, Aggy wetu, hakuwahi kuwa mtangazaji. Yeye alikuwa mtu wa jingles. Tangazo likipita redioni mkabaki mnaliimba hadi bafuni, mara nyingi lilikuwa lake.

Mimi nilikuwa naandika script, yeye anaiimba. Pale redioni meza zetu zilitazamana miaka yote ile.

Mnakumbuka lile la mabati? “Inyeshe isinyeshe, mimi nimeezeka!” Watoto wa Chang'ombe yetu ya Dodoma waliruka nalo kamba mwaka mzima. Mvua mliyoisikia pale nyuma ilikuwa uwele. Aggy alikuwa anaumwaga taratibu kwenye sinia, mimi nimeshika mic, nimebana pumzi nisicheke. Tukamaliza, akaukusanya wote, akaenda kuupika uji.

Na lile la mafuta ya alizeti: “Nani kapika leo? Jirani karudi na bakuli!” Mwenye kiwanda alitaka maneno mazito, ubora sijui na viwango. Aggy akamuuliza, “Baba, nyumbani kwako mama akipika vizuri, huwa unasema viwango?” Mzee wa watu akacheka, akasaini.

Lakini nataka niwasimulie la salamu.

Siku moja nilimsindikiza kwao kijijini, upande wa Mvumi. Mama yake alikuwa na redio ndogo, ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, mama akamgeukia binti yake, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: “Humu ndani ni wewe?”

“Ni mimi, mama.”

“Sasa mbona unapita tu, hunisalimii?”

Tulicheka sana. Njiani kurudi mjini Aggy hakucheka. Alikuwa anaangalia nje tu.

Wiki iliyofuata tukarekodi upya jingle ya kufungua kituo asubuhi. Akaimba jina la redio kama kawaida, halafu mwishoni, bila script, akatupia: “Mbukwenyi!” Salamu ya Kigogo, ya kwao. Fundi mitambo akaniangalia. Nikamwambia iache.

Ikaenda hewani wiki kadhaa, ndipo bosi akaishtukia. Tukaitwa.

“Agnes, hii ni redio ya watu wote. Msukuma anasikiliza, Mchaga anasikiliza, watumishi wa wizarani wanasikiliza. Kila mtu akileta kilugha chake tutafika? Itoe, au nitafute mtu mwingine wa kuimba.”

Na bosi hakuwa mtu wa kutania. Aggy ndo alikuwa na kichanga, Neema, na baba wa mtoto alishaondoka zake. Kazi ile ndiyo ilikuwa nyumba, ndiyo ilikuwa maziwa. Akajibu, “Sawa bosi, nitaitoa.” Tulipofika kwenye korido akaniambia, “Mama anaiitikia kila asubuhi. Jirani kaniambia. Anasimama kabisa, anaiitikia.”

Akaitoa. Alirekodi mara moja tu, hakutaka kurudia.

Kesho yake simu ya studio haikupumzika. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Ipagala, lafudhi yake ya Bukoba kabisa. “Mimi siyo Mgogo. Nimehamishiwa huku na ofisi, simjui mtu. Hiyo salamu ndiyo neno la kwanza kujifunza hapa, ndilo nasalimia nalo sokoni. Mmeipeleka wapi?” Akafuata dereva wa lori. Akafuata mchungaji. Kuna mzee kutoka Nzuguni aliuliza tu, “Tumewakosea nini?”

Bosi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote. Akasema, “Rudisheni. Na Agnes asipite ofisini kwangu anacheka.”

Alipita akicheka, bila shaka! Aggy huyo!

Salamu ilikaa hewani hadi mama yake anafariki, na miaka mingi baada ya hapo. Halafu kituo kikabadilisha mikono, zikaja jingles za kompyuta, nzuri, hazina shida. Aggy akaondoka kimyakimya, akawa anafundisha kwaya.

Sasa juzi, baada ya mazishi, Neema akaniuliza kama nina sauti ya mama yake akiwa kazini. Sikuwa nayo. Kompyuta za studio tulizorekodia zilishakufa, hakuna aliyehifadhi chochote. Nikaweka status: mwenye hata kipande, naomba.

Akanijibu fundi cherehani wa Chang'ombe. Enzi hizo alikuwa anatuma kadi za salamu redioni, halafu anarekodi kipindi kwenye kaseti ili asikie jina lake likisomwa. “Huyo dada yuko kwangu,” akasema. “Anaingia mara tu baada ya jina langu.”

Jana tulikaa dukani kwake, mimi na Neema. Jina la fundi likasomwa, naye akatabasamu kama mtoto. Halafu Aggy akaingia. Yuleyule. Sauti mbichi, kama mtu aliyetoka kuoga.

Neema alisikiliza kainamisha kichwa. Akaomba irudiwe. Mwisho akaniuliza, “Anti, hapo mama alikuwa na miaka mingapi?”

Nikamwambia, “Kama yako sasa hivi.”

Ndipo akalia. Tangu msiba uanze alikuwa hajalia.

Aggy rafiki yangu, Neema yuko kwangu. Leo amekula, amelala mchana hadi jua limepoa. Na wewe lala, dada. Mtoto tunaye.