Sauti ya Kuitia Chakula

Jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya vilima vya Songea, na Epifania amesimama kwenye jabali, viganja viwili mdomoni, anawaita watu waliojificha. Nyuma yake yupo askari wa Wajerumani, Swalehe, bunduki begani, masikio wazi.

"Shukeni! Vita vimekwisha! Chumvi ipo, unga upo!" anaita kwa Kingoni. Neno la mwisho analipandisha juu kabisa, analivuta, linagonga upande wa pili wa bonde na kurudi.

Hashuki mtu.

Hii ndiyo kazi yake tangu vita vya Maji Maji vilipozimwa: kuita. Ujira wake ni kibaba cha mtama kwa wiki, na mtama wenyewe umeliwa na wadudu. Lakini mashamba yamechomwa, maghala yamechomwa, watu wanachimba mizizi porini. Kibaba hicho si cha kuchezea.

Epifania si jina lake halisi, na jina la jabali hilo halitajwi hapa. Kabla ya kusema lolote alimkagua mwandishi kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza, "Unamwandikia nani? Na huyo naye atakwenda kumwambia nani?" Kisha akamwapisha kwamba makala hii isitoke mpaka yeye awe ng'ambo ya mto Ruvuma.

Ana sababu. Siku ya kwanza aliita kwa moyo mweupe, maana aliambiwa msamaha ni wa kweli, naye akaamini. Akashuka jirani yake Bartholomeo, anacheka, amenyoosha mkono apokee chumvi. Akatiwa mnyororo shingoni palepale.

"Alinitazama mimi, hakumtazama aliyemfunga," anasema Epifania. "Mpaka leo sijui wamempeleka wapi."

Na huko juu bado yupo Egidi, mdogo wake wa tumbo moja.

Tangu siku ile akaanza kuilaza sauti. Maneno aliyasema yote kama alivyofundishwa, ila bila mkazo, bila kupanda wala kushuka. Swalehe ni mtu wa pwani, Kingoni hakijui, lakini mjinga siye.

"Mama Honorata, maneno yako yamelala," alimwambia. "Mtu akimwita ndugu yake haiti hivyo. Unanichezea?"

"Koo linauma, bwana."

"Basi lipone upesi. Lisipopona, utajieleza bomani."

Jioni hiyo, Epifania akiwa uani kwake, aliona kipande cha kaki nyuma ya ua wa mabua. Alijua Swalehe amekuja kusikiliza anavyosema akiwa nyumbani. Akavuta pumzi, akamwita bintiye aliyekuwa ndani.

"Honorataaa! Njoo uleee!"

Sauti ilipanda, ikafurahi huko juu. Mtoto akatoka mbio, akachungulia chungu kikavu, akafungua mdomo aseme. Mama akamvuta, akamziba uso kwa kaniki yake, akamkumbatia hadi kile kipande cha kaki kilipoondoka.

Asubuhi Swalehe alikuja anatabasamu. "Leo waite kama ulivyomwita mtoto jana. Ipandishe mwishoni."

"Kama unavyotaka, bwana," akajibu, macho chini.

Asichokijua Swalehe, na anachokijua kila aliyeshinda na njaa hii, ni kwamba siku hizi hakuna mama anayemwita mtoto kula kwa sauti ya juu. Zamani ndiyo, kijiji kizima kilisikia na jirani akakaribishwa. Leo mwenye kiganja cha unga anaishusha sauti, neno la mwisho linazama kooni, ili jirani mwenye watoto asisikie. Anayepaza sauti hana chakula. Walioko juu wakiusikia mwito ule wanajua ni mtego.

"Nikipandisha, wanakaa hukohuko," anasema, na anacheka kidogo. Kicheko hakidumu. Jana Swalehe aliuliza ni kwa nini sauti nzuri namna ile haimleti mtu, na alipouliza hakuwa anatabasamu.

Anachosubiri ni kiangazi, Ruvuma ipungue na kuvukika kwa miguu. Amezika mtama kidogo chini ya jiko, na mkono wake haujaugusa hata mtoto alipolia usiku kucha. Siku mto utakapovukika atapanda mlimani bila askari, Honorata mgongoni, hadi karibu na pango wanalolijua yeye na mdogo wake.

Lakini Egidi amekwisha kuzoea kutoiamini sauti ya dada yake. Mwandishi anamuuliza atamwitaje.

Epifania anatazama ua kwanza, pande zote. Kisha anainama, anaishusha sauti mpaka mwandishi analazimika kusogea karibu.

"Egidi," anasema. "Njoo ule."

Neno la mwisho halifiki hata mlangoni.