Dakika Ishirini na Tano za Bibi Futi

Nimeambiwa niandike. Mimi! Mtu niliyeacha shule kabla daftari la kwanza halijaisha, na kalamu yenyewe inatema wino kama ina kikohozi. Lakini yule binti anayesoma chuo kanibembeleza wiki nzima, eti bibi yake akihadithia mwenyewe atatia chumvi. Haya. Mkikuta herufi imelala chali, iinueni wenyewe.

Bibi Futi ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu futi ya kupimia nguo haishuki shingoni mwake. Anakaa na binti yake, karani wa zahanati, na mjukuu wake, ndiye huyo anayesoma saikolojia. Cherehani iko sebuleni chini ya dirisha, na ndiyo iliyoleta maneno ndani ya nyumba. Siku moja Bibi Futi alishona mkono wa kulia wa blauzi upande wa kushoto. Siku moja tu, jamani! Binti yake akadaka hapo hapo.

"Mama, umri umekwenda. Tuiweke stoo hii cherehani, upumzike."

"Nitapumzika nikishalazwa."

Tangu hapo vikawa vita vya kimyakimya. Binti akipita, anaifunika cherehani kwa shuka. Mama akipita, anaifunua.

Ndipo mjukuu akaja na kazi ya chuo. Alitakiwa apime wepesi wa wazee katika kupanga vitu. Akachukua sinia, akamimina vifungo hamsini vya bibi yake vya rangi tano, akashika saa mkononi. Maelezo yalikuwa mafupi: "Vigawe kwa rangi, haraka uwezavyo." Akatukusanya wanawake kumi na mmoja, wote tumepita sabini, akasema sisi ni sampuli yake.

"Sampuli ndiyo nini?" akauliza mmoja wetu, muuza mkaa. "Tunauzwa?"

"Hapana, Bibi. Siwezi kuwapima wazee wote duniani, kwa hiyo napima wachache."

"Aa, kama kuonja mchuzi kwa kijiko."

"Hapo hapo!"

"Basi ungeukoroga kwanza. Sisi wote umetuchota mtaa mmoja."

Mjukuu akacheka, lakini nilimwona anaandika.

Tuliingia mmoja mmoja. Mimi nilitumia dakika nne, sijisifu, nasema tu. Bibi Futi aliingia wa mwisho. Zikapita tano, zikapita kumi. Mjukuu macho yote kwenye saa, jasho linamtoka kwa niaba ya bibi yake. Mwishowe mzee akasema, "Tayari." Dakika ishirini na tano. Mjukuu kwa aibu akalisukuma sinia chini ya kochi bila kulitazama.

Jioni nilikuwa bado nipo, namalizia chai yangu. Mjukuu akamsomea mama yake matokeo: wawili dakika tatu, watano dakika nne, watatu dakika tano, halafu Bibi.

"Nikijumlisha zote napata sitini na sita. Nagawa kwa kumi na moja. Wastani ni dakika sita."

"Nani alitumia sita?" akauliza Bibi Futi.

"Hakuna, Bibi."

"Sasa huyo wa sita katoka wapi? Umemshona mwenyewe?"

Karani hakusubiri jibu. "Wenzake nne, yeye ishirini na tano! Si nilisema mimi? Akili imechoka." Akaenda dirishani, akaifunika cherehani kwa shuka, na safari hii akaifunga na kamba. "Kesho inaingia stoo. Mjukuu wako kapima kwa saa, siyo mimi."

Bibi Futi alishika futi yake shingoni kama mtu aliyeambiwa aivue. Mjukuu akamsogelea, akanong'ona, lakini masikio yangu mimi bado mazima.

"Bibi, nitaifuta namba yako. Wabaki kumi. Wastani unashuka hadi nne na kitu kidogo, na Mama hatakuwa na la kusema."

"Unifute? Kwani mimi sikukaa pale?"

"Nakusaidia, Bibi."

"Husaidii. Sikiliza. Nikiletewa vipimo vya wanakwaya kumi na mmoja, nikakuta kiuno kimoja kimezidi mno, simfukuzi mwenye kiuno. Nikichanganya vyote nikatafuta wastani, nitashona sare isiyomkaa hata mmoja. Kwanza namwendea yule mtu, namwangalia. Pengine ni mnene kweli. Pengine nilimpima juu ya koti. Wewe uliniangalia?"

Mjukuu akaitazama saa yake mkononi.

"Uliangalia saa. Vuta hilo sinia."

Likavutwa. Tulitarajia mafungu matano. Tulikuta kumi na tisa. Vifungo vimegawanywa kwa rangi, kisha vya matundu mawili mbali na vya matundu manne, kisha vikubwa mbali na vidogo. Saba vyenye ufa vimewekwa pembeni peke yao.

"Niliambiwa kwa rangi, nikasikia, mimi si kiziwi," alisema Bibi Futi. "Lakini tangu nianze kazi sijawahi kugawa vifungo kwa rangi tu. Mpe mteja shati lenye kifungo cha matundu mawili katikati ya vya manne, uone kama hatakurushia usoni."

Karani alichuchumaa kutafuta kosa. Akatafuta weee, hakupata. Akainua kimoja kati ya vile saba. "Ufa wenyewe kama unywele. Umeuonaje?"

"Kwa macho haya haya unayotaka kuyaweka stoo."

Cherehani haikwenda stoo kesho yake, lakini kamba nayo haikufunguliwa. Ilisubiri mjukuu apeleke namba zake kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu akamkataza kufuta. Akamwambia awapange kumi na mmoja kuanzia mwepesi hadi wa mwisho, amtazame wa sita, aliye katikati: dakika nne. Hata Bibi angetumia siku nzima, yule wa katikati hatikisiki. Na hizo ishirini na tano zisimame palepale, pamoja na maelezo kwamba saa ilipima kazi mbili tofauti.

Mjukuu alitusomea karatasi yake sebuleni.

"Kwa hiyo mimi niko mkiani?"

"Uko mkiani, Bibi. Lakini upo."

Karani akafungua kamba, akaikunja shuka. Ila akashindwa kunyamaza. "Lakini ile blauzi, Mama, ulikosea."

"Nilikosea. Moja," akasema Bibi Futi, anatia uzi kwenye sindano. "Katika ngapi?"

Karani akaibeba shuka, akaipeleka stoo.

Nimemaliza. Sasa zamu yako, wewe uliyekaa unasoma. Tafuta vifungo hamsini, shika saa, uviweke sawa, kisha niletee dakika zako pamoja na hilo sinia nilione. Na zikiwa nyingi, ole wako uzifute.