Rafadha Iliyopinda

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa injini za ndege za kivita. Alipenda usafi kupita kiasi; hata kijiko nilichomwandalia alikifuta kwanza kwa leso, kana kwamba nimempa kipuri.

Siku moja ndege aliyokuwa akiihudumia ilitua kwa tumbo, magurudumu yakiwa ndani. Rubani alitoka mzima, akasema injini ilizima ghafla, hakupata muda wa kuyatoa. Ndege ikafungiwa ndani ya bohari kabla fundi wake hajaitazama. Hakushtakiwa, lakini watu hawakungoja mahakama. Wakambandika jina: Zima-Injini. Wanangu walitaniwa nalo shuleni. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Alipostaafu, jumba la makumbusho lilimchukua kufufua ndege chakavu za jeshi. Siku moja ikaletwa ile ile, vumbi tele, na rafadha yake, yale mapanga matatu ya puani, haijaguswa. Akaniita nikaione.

"Mama watoto, tazama. Injini ikizima, hupinda panga lililoelekea chini tu. Haya yamejikunja yote, tena sawasawa. Ilikuwa inazunguka."

"Kwa hiyo yule bwana alitudanganya!"

"Punguza sauti, hii ndege ni mzee, utaiamsha."

Mkurugenzi wa jumba alitaka mapanga yanyooshwe ili ndege ipendeze. Nikamwambia mume wangu akiyanyoosha atakuwa amejifutia ushahidi kwa nyundo yake mwenyewe. Alimpigia rubani simu.

Rubani alikuja na mkongojo, akajikwaa mlangoni.

"Kapteni, kutua bado hujajifunza?"

"Na wewe Zima-Injini, bado una mdomo. Shemeji, unamvumiliaje?"

"Nilizoea kuvumilia mengi," nikamjibu.

Mume wangu akamwonyesha rafadha. "Wanataka niinyooshe. Nikiinyoosha, yameisha. Nikiiacha, kila fundi atakayeingia humu ataelewa. Amua wewe."

Damu ilinichemka. Jina la wanangu, analiweka mikononi mwa mtu yule yule!

Rubani alipapasa panga moja kutoka shina hadi ncha.

"Nilisahau magurudumu," alisema. "Kosa la mwanafunzi. Niliogopa kunyang'anywa ndege, nikakutupia wewe. Iache ilivyo, Fundi. Wajukuu wangu nitawaleta mwenyewe."

Mimi nilitaka kibao kikubwa: jina la rubani, kosa lake, yote. Mume wangu akamwambia mkurugenzi, "Andika kwamba injini ilikuwa inazunguka. Inatosha."

Tulibishana njia nzima hadi nyumbani, mimi nikisema, yeye akiitikia "mmh". Kibao kiliandikwa alivyotaka, na mwanangu mkubwa alikipiga picha akaitundika sebuleni kwake. Jina la rubani sijaliandika hapa pia. Marehemu alinikataza, nami namtii, shingo upande.