Majina ya Watu wa Kikao

Kampuni ya kutafuta dhahabu ilinichukua Musoma kwa sababu nakijua kilugha cha nyumbani. Nilitakiwa kutafsiri kwenye kikao cha kijiji chetu, Buswahili, na kuandika majina ya waliohudhuria. Mkuu wa msafara alieleza kwamba bikoni, vile vigingi vya mipaka vilivyowekwa mashambani, ni za kupimia tu. Nikatafsiri. Hakuna aliyeuliza swali. Watu walitia sahihi au dole gumba, wakatawanyika.

Kesho yake asubuhi bikoni zote zilikuwa zimeng'olewa na kulazwa katikati ya barabara.

Mkuu alinipigia akiwa Bunda. "Ile karatasi ya mahudhurio naifuata leo. Polisi wanaihitaji."

Nilimweleza shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa jikoni anasonga ugali. Akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Baba yake babu yako alikuwaga mkalimani wa Wajerumani," alisema. "Watu walikataa kubeba mizigo na kutoa ng'ombe, wakawapiga askari. Yeye akaulizwa majina, akayataja. Wale wanaume walifungwa kamba shingoni, wakaswagwa kwenda Musoma. Hakurudi hata mmoja."

"Mbona sijawahi kuambiwa?"

"Hujiulizagi kwa nini tukifiwa, wajukuu zao walioko ng'ambo ya mto hawaji?"

Nilitoa karatasi kwenye mkoba, nikaisukuma chini ya sufuria. Iliungua upesi.

Mkuu alifika kabla ya mchana. Nikamwambia imepotea. Hakukasirika.

"Usijali, dada. Niliipiga picha siku ile ile."

Akanionyesha simu. Mwandiko ulikuwa wangu, safi, wa kusomeka. Baba yangu mdogo alikuwa wa tatu.

Gari lilipoondoka nilimkimbilia baba mdogo. Nilimkuta zizini.

"Baba, ondoka. Wana majina."

"Wameyapata wapi?"

Akaniachia fimbo ya kuchungia, akashika njia ya Suguti kwa wakwe zake.

Wengine watatu wa kwenye karatasi walikamatwa siku ya gulio. Mpaka leo wako mahabusu Musoma. Bikoni zimerudishwa, safari hii kwa zege. Kila Jumamosi naona wake zao wakishuka kwenye basi na vyombo vya chakula. Chumba changu cha Musoma kiko jirani na kituo cha basi, nao wanakijua. Wanapita mlangoni bila kubisha hodi.