Shikamoo Mbele ya Mashine

Mwalimu wetu alitutawanya kwenye mashamba ya mkonge ili tujifunze ukaguzi wa usalama kazini kwa vitendo. Tulikuwa vijana wa makoloni kadhaa. Mimi, niliyekuwa mwenyeji wa hapo, nilipangiwa kiwanda kimoja upande wa Mwera. Nisingefaulu pale bila mnyapara wa kiwanda kunikubali.

Siku ya kwanza nilimwamkia mzee wa Kibondei aliyekuwa akilisha mashine majani ya mkonge. Aligeuka kunitazama, kama adabu inavyotaka, akaitikia marahaba. Mkono wake ukaendelea kusukuma majani kuelekea kwenye visu.

Hakuumia. Lakini jioni nilirudi kwa lori hadi Mabawa, kwa shangazi niliyekaa kwake, nikashindwa kula. Na kama ningemuuliza na habari za watoto? Na kama ningekohoa tu, asingegeuka? Nikaanza kuogopa hata kikohozi changu.

Kesho yake nikapita kimya mbele ya wazee wote.

"Shule imemla huyu," mmoja akasema, akihakikisha nasikia.

Mnyapara akanivuta hadi kwenye mashine. "Mwamkie mzee, watu wote wasikie. Hutaki, mwalimu wako akutafutie shamba jingine."

"Zima mashine, nitamwamkia."

"Mashine izimwe kwa ajili ya shikamoo?"

"Ndiyo. Jana macho yake yalikuwa kwangu na mkono wake ulikuwa kwenye visu. Ikizunguka, simwamkii mtu. Hata angekuwa babu yangu."

Mnyapara alingoja nilegee. Sikulegea.

Mzee aliutazama mkono wake. Kisha akaacha kulisha, akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani. Mashine ikabaki inasaga hewa.

"Zima, bwana," akamwambia mnyapara. "Nataka salamu yangu."

Ikazimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mama hajambo? Na huko unakokaa hawajambo wote?" Akauliza yote, polepole, huku mnyapara akisaga meno. Nami nikajibu moja moja, bila haraka.

Mnyapara hakunikubali. Nilihamishiwa shamba jingine, karibu na Moa. Nilipofika, mashine zilikuwa zinazunguka, na wazee wakageuza shingo kungoja salamu. Nikapita kimya, nikaenda kusimama kando ya swichi, salamu mdomoni, nikingoja zizimwe.