Siku Niliyompa Mwalimu Mpira kwa Mikono Miwili

Jamani, nisiwafiche, yule kijana wa kwenye ile video ni mimi. Yule mwenye fulana ya njano, aliyekunja magoti na kutoa mpira kwa mikono miwili kama anatoa sadaka, ndiyo, ni mimi mwenyewe, Paskali wa Bashay, na kama uliiona ukacheka mpaka machozi yakakutoka sikulaumu, maana hata mama yangu mzazi alicheka (halafu akaniomba msamaha, halafu akaingia jikoni akacheka tena akidhani simsikii). Lakini ile video ni fupi, haionyeshi tulifikaje pale, na mimi nimechoka kusikia watu wanaisimulia wanavyotaka wao, kwa hiyo leo nasema yote.

Mimi ni kwotabeki. Msiniangalie hivyo. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja wa kwetu aliyesoma nje alirudi na mpira wa Kimarekani, ule wenye ncha mbili kama papai bichi, akatufundisha vijana kumi na kitu pale uwanja wa kanisa, halafu akapata kazi Dodoma akaondoka, mpira akatuachia. Sisi hatuvai helmeti wala hatugongani kama wale wa kwenye simu. Kila mchezaji anafunga kitambaa kiunoni, na ukichomolewa kitambaa ukiwa na mpira, basi, umekamatwa, mnaanza upya kutoka hapo. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza, anatafuta kwa macho mwenzake aliye huru, anamrushia, na yote hayo ayafanye kabla wapinzani hawajamfikia. Nilichaguliwa mimi kwa sababu ya mkono. Nimekua nikifukuza nyani kwenye mahindi ya baba kwa mawe, na nyani wa kwetu hawaogopi jiwe linalopita pembeni, wanaogopa linalowapata.

Basi tukasikia kocha mmoja wa Arusha, Kocha Elibariki, anakuja kutafuta kwotabeki mmoja wa kuingia kambini kwake mwaka mzima, na kwamba wanaofanya vizuri kambini hupata nafasi ya kusoma na kucheza nje. Mmoja tu. Angetazama mechi yetu na vijana wa Katesh, maana na wao wanacheza, na kwotabeki wao, Hamisi, mtoto wa wenye duka la vitambaa, ana mkono kweli, siwezi kumsingizia. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka ile nafasi. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani huwa hatuyazungumzii, na kurusha mpira ndicho kilikuwa kitu cha kwanza ambacho watu walisema ninakiweza bila mtu kuongeza neno "lakini". Wiki nzima kabla ya mechi nililala na ule mpira.

Siku ikafika, Jumamosi, watu wamejaa kuuzunguka uwanja, kwaya nzima imekuja na viti vya kanisani, Kocha Elibariki ana filimbi na daftari, na wageni wakashuka kwenye gari wakiwa sita. Mchezo wetu ni saba kwa saba. Wa saba alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, ametapika kuanzia Dongobesh mpaka Bashay, rangi yake imekuwa ya majivu, hata kusimama hawezi.

Kocha akatazama saa. "Kanuni ni kanuni," akasema. "Katesh wamepungua, kwa hiyo Bashay mna ushindi wa mezani."

Wenzangu wakaanza kushangilia. Na hapa ndipo ningefunga mdomo wangu, nikanywa soda, nikaenda nyumbani mshindi. Lakini nikawaza, ushindi wa mezani hauonyeshi mkono, Kocha atarudi Arusha bila kuniona nikirusha hata mara moja, na huyo mmoja atamchagua vipi, kwa sura? (Kwa sura Hamisi ananishinda.) Nikanyoosha kidole kama niko darasani. "Kocha, wachukue mtu mmoja kwenye watazamaji. Sisi hatuna shida."

Na kama ningeishia hapo, bado ingekuwa salama. Ila nilikuwa na ujanja wangu. Pale mstari wa mbele alikuwa amekaa Mwalimu Bura, aliyenifundisha kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, amestaafu, amevaa koti lake la siku zote na katambuga miguuni, amekuja kunishangilia mimi, jamani, alikuwa ameniambia mwenyewe asubuhi. Nikahesabu haraka: mzee, kifua kinambana kila baridi, mbio hana. Nikasema kwa sauti, "Mchukueni Mwalimu Bura, ni mtu wa mazoezi sana!"

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akakataa mara moja, akakataa mara ya pili, ya tatu akavua kofia akampa mke wake, akafungiwa kitambaa cha kitenge juu ya koti. Alifurahi. Alinitazama akafurahi kwamba kijana wake amemkumbuka mbele ya watu, na mimi nikajisikia vibaya kidogo, lakini kidogo tu.

Tukajipanga. Timu mbili zinatazamana, mnajua, inatakiwa muwe na sura za vita, na Mwalimu naye akaja akasimama mbele yetu. Wote saba tukasema, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia marahaba, akamuuliza Yona, ambaye ndiye anayenipa mpira, kama bibi yake amepona mguu. Yona akiwa ameinama pale na mpira mkononi akaeleza habari za mguu wa bibi mpaka Kocha akapuliza filimbi.

Mchezo ukaanza na ndipo nikagundua nimejichimbia shimo. Kazi ya vijana wangu wa mbele ni kuwazuia wapinzani wasinifikie, na waliwazuia vizuri, wote isipokuwa mmoja. Mwalimu alipokuja walimpisha! Mmoja alisema kabisa, "Pita Mwalimu," akasogea pembeni kama mlangoni. Mara ya kwanza nikamwona anakuja taratibu, mikono nyuma, nikakimbia kinyumenyume mpaka nikatoka nje ya uwanja nikaingia kwenye maharage ya watu. Mara ya pili vilevile. Nikawaita wenzangu pembeni nikawaambia jamani mzuieni yule mzee, wakaniangalia kama nimetukana, Yona akasema, "Mzuie wewe, si ndiye uliyemwita?"

Lakini nilirusha. Hilo naomba liandikwe. Kila nilipopata nafasi ya kupumua nilirusha, na mbele nilikuwa na Gidamis, kijana wa Yaeda Chini anayekuja mazoezini kwa pikipiki kupitia ile njia ya mawe, mkimbiaji kama huyo hamjamwona, nikimrushia popote anafika. Niliona Kocha anaandika. Anaandika, ananitazama, anaandika tena. Hamisi naye akarusha zake, na mpaka dakika za mwisho Katesh walituzidi kidogo tu, mpira uko kwetu, tumebakiwa na jaribio moja, nikimfikishia mtu kule mwisho wa uwanja tumeshinda.

Yona akanipa mpira. Nikainua macho, na nasema kweli, sijawahi kuona kitu kizuri hivyo: Gidamis yuko peke yake kabisa kule mwisho, hakuna mtu karibu, amenyoosha mikono yote miwili juu. Nikavuta mkono nyuma. Kocha alikuwa ameacha kuandika, ametulia ananiangalia.

Mwalimu akatokea mbele yangu. Hakukimbia, pumzi zilikuwa zimemwisha, alikuwa anatembea tu. Akasimama hatua mbili kutoka nilipo, akanyoosha kiganja, na kwa ile sauti, ile ile aliyoitumia siku alipokuta nina panzi kwenye daftari la hesabu, akasema, "Paskali. Lete."

Nikapeleka.

Sijui niwaelezeje. Sikufikiri. Mkono ulishuka wenyewe, wa pili ukaja kuusaidia, magoti yakakunjika, nikautoa mpira mbele nikasema, "Huu hapa Mwalimu." Nikasema na samahani. Yeye mwenyewe alishtuka, alibaki ameushika anautazama, mdomo wazi, mpaka Hamisi akapiga kelele, "Kimbia Mwalimu! Kimbia!" Akakimbia. Katambuga zinapiga chini, koti linapepea, na kitambaa chake cha kitenge kiko nyuma pale, kinaning'inia, mtoto wa chekechea angeweza kukichomoa. Tulimfikia wote. Lakini ni nani atakayemvuta Mwalimu Bura nguo kiunoni mbele ya mke wake na kwaya nzima? Tukakimbia pembeni yake, wengine kulia, wengine kushoto, tukamsindikiza kwa heshima mpaka mwisho wa uwanja wetu wenyewe. Alipofika alitushukuru.

Uwanja ulilipuka. Watu walianguka kwenye viti. Kule mbali Gidamis alikuwa bado amenyoosha mikono juu, masikini, anangoja.

Kocha Elibariki hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniweka mkono begani akasema, "Kijana, una mkono kuliko wote niliowaona huku. Lakini kule wapinzani watakuwa wanakupigia kelele kila dakika. Siwezi kupeleka kwotabeki anayetoa mpira akiombwa." Nikamwambia Kocha, yule ni mwalimu wangu. Akasema anaelewa, hata yeye alikuwa na wake. Halafu akamchukua Hamisi. Hamisi alikuja kunipa mkono akiwa anaona aibu kuliko mimi, nikampongeza, nikaenda nyuma ya choo cha kanisa nikalia kama mtoto.

Jumatatu yake video ilikuwa imeenea Mbulu nzima. Nikipita sokoni Dongobesh akina mama wa nyanya wananyoosha kiganja, "Paskali, lete!" Jina hilo limenikaa mpaka sasa. Na mazoezi yakafa, kwa sababu mpira haukuwepo. Mwalimu aliondoka nao uwanjani kwapani bila kujua, na katika vijana saba wa Bashay hakupatikana hata mmoja wa kwenda kumwambia tunaomba mpira wetu.

Siku ya nne, asubuhi, niko bandani natoa mavi ya ng'ombe, nikasikia hodi. Ni yeye. Ameshika mpira kwa mikono miwili, mbele, ule utoaji wetu, na mimi mikono yangu ilivyokuwa sikuweza hata kuupokea.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Paskali, nilikuwa nakutania," akasema. "Naapa nilikuwa nakutania tu. Sikujua kama utaleta." Akatazama ng'ombe. "Nimeambiwa kuhusu ile nafasi. Mimi nilidhani ni mchezo wa Jumamosi tu. Nisamehe."

Mtu aliyenifundisha kushika kalamu ananiomba msamaha kwenye banda la ng'ombe. Nikaona nikinyamaza nitakosa usingizi mwaka mzima, nikamwambia kweli yote, kwamba mimi ndiye niliyemtaja, na nilimtaja kwa sababu niliona amezeeka. Nilitegemea anikaripie. Akacheka mpaka kile kifua kikambana, ikabidi aegemee nguzo.

"Nawa mikono," akasema. "Twende pale nyuma."

Nyuma ya nyumba, kwenye malisho, akasimama hatua mbili mbele yangu, akanyoosha kiganja. "Nikisema lete, usilete. Rusha." Nikasema sawa Mwalimu. Akasema, "Paskali, lete!" Nikampa. Kwa mikono miwili, jamani, nikampa tena! Akanirudishia. "Lete!" Nikampa. Mama yangu alikuwa dirishani ameshika mdomo. Mara ya sita nilifumba macho nikarusha, mpira ukapita juu ya kichwa chake, ukavuka ua, ukaangukia kwa jirani, na Mwalimu Bura akashangilia akarusha kofia juu kama amechaguliwa yeye kwenda Arusha.

Sasa hivi anakuja kila Jumamosi. Kocha amesema mwakani atapita tena, na mimi nimeapa mbele ya wenzangu wote kwamba wageni wakija sita, wakija watano, akija dereva peke yake, ushindi wa mezani nitaupokea na asante nitasema, na mzee wa watu nitamwacha akae kwenye kiti chake anishangilie. Lakini Jumamosi anasimama mbele yangu na koti lake, anavuta pumzi, ananiangalia kwa yale macho ya darasa la tatu, anapaza sauti, "Paskali, lete!" Nami naitikia, "Shikamoo Mwalimu," na mpira tayari uko mikononi mwa Gidamis.