Rupia Iliyosugua Vyungu

Juzi abiria nimemshusha stendi ya Kyela, badala ya nauli ananitolea rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi za ukoloni. "Dogo, fedha tupu hiyo, utatajirika!" Nikaidondosha kwenye saruji. Ko! Nikamwambia, "Kaka, fedha gani inalia kama mfuniko wa sufuria?" Akacheka, akalipa nauli. Ila mimi nilikaa juu ya pikipiki muda mrefu, abiria wananiita siwasikii.

Sauti ya rupia ya kweli nilifundishwa na bibi. Tulikuwa tunaishi ufukweni mwa ziwa, wawili tu, mama yuko Tunduma anatafuta maisha. Bibi alikuwa mfinyanzi. Chungu kikitoka motoni anakigonga kwa kidole, ametega sikio. Kikilia ngiii, kizima. Kikisema ko, kina ufa. Rupia aliyoachiwa na mama yake aliipima hivyohivyo, anaidondosha juu ya jiwe: ngiiii, mpaka unasahau kutafuna. Halafu anaendelea kusugulia vyungu vibichi ving'ae. Ndiyo, bwana. Hela yenye sura ya mfalme wa Kijerumani, kazi yake kusugua vyungu!

Siku moja akaja mnunuzi wa rupia kutoka Mbeya. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: tukitajirika, mama hana cha kutafuta tena, anarudi. Nikakimbia kuileta, ina udongo bado.

Mnunuzi akaidondosha. Ngiiii. Akatabasamu. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Bibi, fedha ni yenyewe. Lakini yule mzungu mwenye ndege juu ya kofia yuko wapi? Wateja wangu wanamtaka yeye."

"Nimemsugua akaisha," bibi akasema. "Ndege wake alikuwa ananikwaruzia vyungu."

Mnunuzi alicheka mpaka akashika mbavu, akaaga, akaenda zake. Mimi nikaangua kilio.

"Mume wangu," bibi akaniuliza, "unamlilia mzungu?"

Sikumwambia namlilia nani. Nadhani alijua, maana jioni ile samaki wote, usipa wa ziwani, alinisogezea mimi, yeye akala wali mkavu.

Mama alikuja kurudi siku tunamzika bibi. Kesho yake akapanda basi.

Siku hizi pale bibi alipochomea vyungu pameota majani. Watu wanachota maji kwa ndoo za plastiki, ukizigonga zote zinasema ko. Rupia ninayo, natembea nayo mfukoni. Upande mmoja mzungu hayupo. Upande wa pili kuna kibonde, palepale bibi alipokuwa anakandamiza dole gumba. Kijiwe kikipoa, wenzangu wameondoka na abiria, naitoa naweka dole gumba langu kibondeni.

Bado halijai.